Jiko Jipya au Kifuniko?

Mazungumzo ya kubana matumizi ya nishati jikoni aghalabu huishia dukani: badilisha jiko. Hoja hiyo ina uzito. Jiko la kawaida la gesi hufikisha kwenye sufuria takriban asilimia 40 tu ya joto lake. Linalobaki hupasha hewa, na mpishi pia. Jiko la induksheni, ambalo huipasha sufuria yenyewe kwa nguvu ya sumaku, hufikisha asilimia 80 au zaidi.

Lakini umeme huo umetoka wapi? Mtambo wa makaa ya mawe hugeuza kuwa umeme kama theluthi tu ya joto lake, hivyo faida ya induksheni inakuwa imeliwa kabla ya kufika jikoni. Umeme ukitoka kwenye maji au upepo, hesabu hubadilika kabisa.

Hata hivyo, naona mjadala wa majiko unaficha mwizi mkubwa zaidi: mvuke. Lita moja ya maji ya nyuzi 20 huhitaji kama kilojuli 335 ili ichemke. Kuigeuza yote kuwa mvuke huhitaji nyingine 2,257 hivi, karibu mara saba. Tena maji yanayotokota kwa fujo hayana joto kuliko yanayochemka taratibu. Karibu na usawa wa bahari yote ni nyuzi 100, na chakula hakiivi upesi kwa sababu ya makelele. Aliyenunua induksheni kisha akaacha sufuria wazi ikifoka saa nzima, anamwaga alichookoa. Kifuniko na moto mdogo havihitaji mkopo.

Sufuria ya presha huenda mbali zaidi: ndani yake maji hufikia nyuzi 120 hivi, na vyakula vigumu huiva kwa sehemu ndogo ya muda wa kawaida. Kwa mboga za majani, sioni haja ya kuitoa kabatini.

Panapohitaji tahadhari ni kwenye kapu la joto, yaani kuchemsha chakula kisha kukifunika kwa blanketi au nyasi kavu kimalizie kuiva bila moto. Wanaolisifu wana haki. Ila maharage mekundu mabichi yana sumu inayovunjwa na mchemko kamili. Yalowekwe, maji hayo yamwagwe, kisha yachemke kwelikweli, nusu saa ikiwezekana, ndipo yaingie kapuni. Joto la nyuzi 80 pekee halitoshi. Chakula kikikaa saa nyingi chini ya nyuzi 60, bakteria nao hupata karamu.

Kwa hiyo kapu lataka saa na umakini. Likifunguliwa mapema, chakula kikiwa bado juu ya nyuzi 60, kukichemsha tena kabla ya kupakua huhitaji nusu tu, au pungufu, ya joto la kuanzia nyuzi 20. Ukilinganisha na saa mbili za moto, kapu bado linashinda.