Tarehe 15 Aprili ina kimbunga chetu, nyie mnatusomea Titanic

Kila ifikapo 15 Aprili, kabla hata chai haijachemka, ule ujumbe wa "Leo katika historia" unakuwa umeshazunguka makundi yote ya WhatsApp, kuanzia Kilwa Kivinje mpaka Msimbati. Leonardo da Vinci kazaliwa, 1452. Abraham Lincoln kafariki, 1865. Titanic imezama, 1912. Kim Il-sung kazaliwa, 1912. Maafa ya uwanja wa Hillsborough, 1989. Emma Watson kazaliwa, 1990. Notre-Dame ya Paris imeungua, 2019. Ikigonga saa moja, mtangazaji naye anausoma wote hewani, neno kwa neno na makosa yake yote, kisha anawatakia siku njema "wasikilizaji wetu wa mikoa ya Kusini".

Mikoa ya Kusini! Na humo ndani hamna hata mstari mmoja wa huku.

Si kwamba huku siku hiyo hapakutokea kitu. Jumanne ya 15 Aprili 1952, siku mbili baada ya Pasaka, kimbunga kiliipiga Lindi. Kimbunga hasa, kile cha baharini chenye jicho katikati, si huu upepo wa kuezua mabati mawili matatu ambao siku hizi kila mtu anauita kimbunga. Sasa rudi nyuma miaka 80 kamili, siku ile ile: Jumatatu ya 15 Aprili 1872 kimbunga kingine kiliipiga Unguja. Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, alikuwa hajamaliza hata miaka miwili kitini. Kilizamisha merikebu zake bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa. Pemba ikasalimika, na tangu hapo karafuu ikawa ya Pemba mpaka kesho. Leo ukimwona Mpemba anaanika karafuu zake juani, ile nayo ni kazi ya 15 Aprili.

Kila kinachozungumzwa kuhusu vimbunga vya pwani ya Tanzania kinaanzia kwenye hivyo viwili, 1872 na 1952. Vimeangukia tarehe moja. Na mabwana hawa wa "Leo katika historia" hawavitaji. Wana nafasi ya Emma Watson.

Kuna wanaosema tusilalamike, kwani kugongana kwa tarehe ni bahati tu. Kwa sehemu kubwa wako sahihi, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Kim Il-sung kuzaliwa siku Titanic inazama hakuna maana yoyote, hata kama kuna watu wameshatengeneza video ya dakika kumi na muziki wa kutisha. Siku za mwaka ni 365, matukio ya dunia ni mamilioni, kwa hiyo kila siku lazima ijae. Kusanya watu 23 tu, uwezekano wa wawili kati yao kuzaliwa tarehe moja umeshavuka nusu. Darasa la watoto 45, umevuka asilimia 90. Hapo hakuna muujiza, ni hesabu.

Lakini hivi vimbunga viwili si hesabu tupu. Tarehe kulingana mpaka siku, sawa, hiyo ni bahati. Kuangukia msimu mmoja si bahati hata kidogo. Tazama vilivyofuata. Kenneth iliingia Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, 25 Aprili 2019, na Mtwara nzima ikawekwa kwenye tahadhari. Jobo ilikuja kuelekea Dar es Salaam Aprili 2021, ikafifia kabla ya kufika. Hidaya iligusa Mafia 4 Mei 2024. Aprili, Aprili, Aprili, Aprili, mwanzoni mwa Mei. Mtu akikuonyesha orodha hiyo halafu bado ukaona 15 Aprili ni siku ya Titanic, basi tena.

Sababu yake inaeleweka. Kimbunga kinataka maji ya bahari yenye joto la nyuzi 26 na nusu hivi au zaidi, na kinataka ule msukumo wa dunia kujizungusha, ambao kwenye ikweta haupo kabisa na ndani ya nyuzi tano hivi za latitudo ni hafifu mno. Unguja iko kwenye nyuzi 6 kusini, Lindi karibu 10, Mtwara 10 na kitu. Tuko pembezoni, ndiyo maana havitufikii kila mwaka. Januari mpaka Machi ukanda wa mvua unakuwa umeshuka kusini, na vimbunga vingi vinazaliwa chini huko na kwenda zake Madagascar, Mauritius au katikati ya Msumbiji, kama Idai ya Machi 2019 ilivyokwenda Beira. Aprili ukanda ule unapanda kurudi ikweta, bahari bado imehifadhi joto la kaskazi yote, na kinachozaliwa wakati huo kinazaliwa juu zaidi, kwenye mstari wetu. Huko Mauritius wanaanza kupumua, sisi ndiyo tunapaswa kuangalia mashariki.

Na kuna jambo la upepo ambalo laiti lingekuwa kwenye ujumbe wa 15 Aprili, lingestahili kutumwa hata mara mia. Upande wetu wa dunia kimbunga kinazunguka kama mshale wa saa. Kikiwa bado baharini, mashariki ya pwani, upepo unaoanza kuwafikia walio nchi kavu unatoka kusini. Sasa fikiria mvuvi wa Mchinga au Mikindani katikati ya Aprili, anaona kaskazi imekufa na upepo wa kusini unaanza kuvuma. Atasema nini? Kusi imeingia. Ndiyo majira yake! Tofauti ni kwamba kusi inakuja kwa siku nyingi, inaanza na kuacha. Upepo wa kimbunga unaongezeka saa hadi saa bila kupoa, bahari inatoa mawimbi marefu ya kutoka mashariki wakati upepo wenyewe ni wa kusini, na mawingu ya juu yanasogea yakizidi kuwa mazito. Mawimbi yakitoka upande mmoja na upepo upande mwingine, ngalawa ivutwe juu, mjadala baadaye.

Jicho likipita juu yenu, upepo unakatika ghafla, pengine na anga linafunguka kidogo. Hapo ndipo watu wanatoka kuokota mabati na kutafuta mbuzi. Upepo unaorudi unatoka upande wa pili, kaskazini, na unakuta paa na ukuta vilivyokwisha kulegezwa na ule wa kwanza. Na kuhusu maji: kwa kimbunga kinachotoka mashariki kuja pwani yetu, walio kusini ya jicho ndio wanaosukumiwa bahari nchi kavu, walio kaskazini upepo wao unatoka bara kwenda majini. Kenneth ilipoingia Cabo Delgado, Mtwara ilikuwa kaskazini ya jicho, upande wenye nafuu. Jicho likiingia Lindi mjini, Mikindani na Mtwara ndio wanaokuwa upande mbaya wa bahari. Lakini hamna haja ya kujua hayo, si mmeshaambiwa Leonardo da Vinci alizaliwa mwaka gani?

Na hata huyo Leonardo wamemkosea. Babu yake aliandika kwamba mjukuu kazaliwa Jumamosi, 15 Aprili, saa tatu ya usiku. Saa za kwao wakati ule zilihesabiwa tangu jua kuchwa, kama zetu, kwa hiyo Mswahili anaisoma bila kufafanuliwa. Ila hiyo ni kalenda ya zamani. Kwa kalenda tunayotumia sasa, siku ile ni 24 Aprili. Anayeandika "siku kama ya leo" amekosea kwa siku tisa. Euler, mwanahisabati aliyezaliwa Basel 15 Aprili 1707, yeye yuko salama, maana Basel walikuwa wameshabadili kalenda. Naye hayumo kwenye orodha, kwa sababu hajaigiza filamu.

Titanic nayo iligonga barafu tarehe 14 usiku, saa 5:40, na kuzama tarehe 15, saa 8:20 usiku. Ujumbe unaosambazwa unasema iligonga "saa 11:40", kwa sababu aliyetafsiri alihamisha namba za Kizungu kama zilivyo. Msomaji wa Lindi anaelewa meli iligonga barafu watu wakijiandaa kufuturu. Lincoln hivyo hivyo: alipigwa risasi tarehe 14 usiku, akafa tarehe 15 asubuhi. Kabla ya kutuma, uliza tukio lilianza lini na likaisha lini, na kwa saa za wapi.

Kukagua siku ya wiki ni kazi ya nusu dakika. Kila mwaka, 4 Aprili, 6 Juni, 8 Agosti, 10 Oktoba na 12 Desemba huangukia siku moja ya wiki. Mwaka 1952 ilikuwa Ijumaa. Basi 11 na 18 Aprili ni Ijumaa, na 15 ni Jumanne. Mtu akikuandikia "Jumapili ya 15 Aprili 1952", ujue kanakili mahali.

Kwa Hijria vimbunga vyetu havigongani kabisa: cha Unguja kilikuwa Safar 1289, cha Lindi Rajab 1371, kwa sababu mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku 11 hivi na miezi yake inazunguka majira yote. Manahodha wa pwani walilijua hilo zamani, ndiyo maana kwa mambo ya upepo walihesabu siku tangu Nairuzi, mwaka mpya unaofuata jua. Kwa jambo la bahari, tarehe ya jua ndiyo yenye faida.

Zipo tarehe zinazogongana kwa sababu watu walitaka zigongane, na hizo zisiimbiwe kama maajabu. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam 25 Juni 1962, Msumbiji ikajitawala 25 Juni 1975, waliichagua. Nachingwea, walikokuwa na kambi, ingestahili kutajwa siku hiyo. Azimio la Arusha lilitangazwa 5 Februari 1967, CCM ikazaliwa 5 Februari 1977. Hiyo nayo ilipangwa.

Mnaotaka kioja cha kweli cha Kusini, chukueni 25 Novemba. Mwaka 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, von Lettow-Vorbeck na jeshi lake la Wajerumani na askari wa Kiafrika walivuka Ruvuma na kuwapiga Wareno pale Ngomano, karibu na lilipo leo Daraja la Umoja, Mtambaswala. Ilikuwa wiki chache tu baada ya mapigano makali ya Mahiwa, Lindi, ya 15 hadi 18 Oktoba. Mwaka mmoja kamili baadaye, 25 Novemba 1918, alisalimisha silaha Abercorn, ambayo sasa ni Mbala, Zambia. Ulaya vita vilishakwisha tangu tarehe 11. Habari zilimfikia siku mbili tatu baadaye, karibu na mto Chambeshi. Wapagazi waliokufa kwa njaa, maradhi na mizigo katika vita vile ni maelfu kwa maelfu, na hawana siku kwenye ujumbe wowote.

Waliozaliwa ni rahisi zaidi, na ndiko mnakoharibu zaidi. Benjamin Mkapa alizaliwa Lupaso, Masasi, 12 Novemba 1938. Mstari mmoja, umekwisha. Kwa wazee waliozaliwa bila cheti, msishangilie kukuta nusu ya kijiji kizima kimezaliwa 1 Januari na nusu nyingine 1 Julai. Hizo ni tarehe zilizojazwa na karani mbele ya fomu iliyokataa nafasi tupu. Muulize mzee mwenyewe ilikuwa wakati wa kupalilia, wa kuvuna mtama au wa kuokota korosho, halafu andika mwaka na msimu huo, na tarehe iache wazi.