Mtera, dumu la lita 20 na ubishi wa oili

Bwawani Mtera kuna ubishi usiokwisha: mashine ya kuchanganya iwekewe oili kiasi gani, na oili ipi. Nazungumzia zile mashine kuukuu za boti, tu-stroku, ambazo oili yake haikai kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, bali huchanganywa na petroli dumuni na kuungua pamoja nayo. Kwa mwenye mashine ya nguvu farasi 15 iliyokwishapita kwa wavuvi watatu kabla yake, ubishi huu ndio unaoamua kama atarudi na mashine au na kasia.

Wakongwe wa mwaloni humimina kwa ukarimu. Lita 20 za petroli, mililita 800 za oili: 25 kwa 1. Hoja yao si ya kubeza. Injini imelegea, beringi zimechoka, na oili ikikosekana pistoni inashika katikati ya bwawa. Oili ikizidi, wanasema, hasara ni plagi tu, na plagi ipo mfukoni. Tena dumu likijazwa mpaka shingoni huwa limepita lita 20, kwa hiyo anayepima kwa jicho ni afadhali akosee kwa kuzidisha.

Wanaoshika kitabu cha mashine wanasema 50 kwa 1, yaani mililita 400 kwa dumu hilo hilo. Ile 25 kwa 1 wanayoing'ang'ania wazee, kwenye mashine nyingi za aina hii iliandikwa kwa ajili ya siku za kwanza za injini mpya. Na hapa Mtera wana sababu ya ziada. Bwawa lilipojaa miaka ya 1980 lilimeza miti, na visiki vyake bado vimesimama majini. Boti inabembelezwa, nusu ya safari ni mwendo wa kinyonga. Mashine ikienda polepole haiunguzi oili yote: plagi zinalowa, masizi yanaganda kwenye ringi za pistoni, ringi zikiganda mgandamizo unapotea. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalihesabu: kila unapoongeza oili dumuni, petroli inayopita kwenye jeti, kile kitundu cha kabureta, inapungua, na injini inaungua kwa joto zaidi. Yaani unaweza kuivuta ile ile hatari uliyokuwa unaikimbia.

Mimi nasimama na 50 kwa 1. Lakini siendi na wale wa 100 kwa 1, ingawa ziko mashine za miaka ya 1980 ambazo kitabu chake kinaruhusu. Mililita 200 ni kidogo mno kwa mtu anayepima kwa vizibo. Ukisahau viwili vitatu, kwenye mililita 800 hakuna atakayejua, ila kwenye 200 ni pengo. Sisi tumechora alama kwa msumari kwenye chupa ya maji ya nusu lita. Tunatia petroli kidogo, tunatia oili, tunatikisa, ndipo tunajaza dumu. Oili ikitangulia peke yake inalala chini.

Kiasi, hata hivyo, kinapigiwa kelele kuliko aina, na aina ndiyo inayoua. Ukiingia duka la spea Dodoma ukaomba "oili ya pikipiki" utapewa ya bodaboda, na bodaboda karibu zote ni fo-stroku. Oili hiyo, 4T, ina viungo vya madini vilivyowekwa kwa sababu haikusudiwi kuungua. Ukiichoma inaacha majivu juu ya pistoni na kwenye plagi. Ile ya 2T, yaani ya tu-stroku, ya misumeno ya kukatia magogo ni afadhali kidogo, lakini imetengenezwa kwa injini inayopozwa kwa upepo, yenye joto kali. Mashine ya boti inapozwa na maji, na yake ni ile iliyoandikwa TC-W3, isiyo na majivu. Ni ghali zaidi na haipatikani kila duka. Mvuvi aliyeishiwa akatumia ya msumeno siku moja simlaumu. Anayeifanya desturi atakuja kulipia pistoni.

Petroli yenyewe haina makuu. Mashine hizi za zamani haziombi petroli ya daraja la juu. Zinachoomba ni iwe safi na iwe mpya. Vinasaba, yaani kemikali ya kutambulisha mafuta halali, vilianza kuwekwa kwenye mafuta mwaka 2010 na kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa mwaka uliofuata, yote kuzuia uchakachuaji, lakini petroli ya chupa ya kando ya barabara haina wa kuithibitisha. Mafuta ya taa yakiingia, injini inagonga.

Mwaka jana boti yetu ilizimika mara tatu kabla ya kufika nyavuni. Mwenzangu tunayeimiliki naye alikuwa na jibu tayari: "Si nilikwambia, oili ndogo!" Tulipoifungua kabureta, bakuli lake lilikuwa na utando wa njano unaonata kama ulimbo, na jeti imezibwa nao. Dumu lilikuwa limekaa juani wiki sita, kizibo kimelegea, petroli imepukutika nguvu. Tulisafisha kwa petroli mpya na waya mwembamba wa shaba, ikawaka kwa mvuto wa pili. Mwenzangu akaitazama, akachukua chupa ya oili, akaongeza vizibo viwili.