Inaenda kilomita ngapi? Na ya kwako je!

Jamani mi nimechoka. Ukiwa na gari la umeme hapa Dar swali ni moja tu, gereji, msikitini, kwenye foleni mtu anashusha kioo kabisa, "kaka, hiyo ikijaa inaenda kilomita ngapi?" Na mwangalie anayeuliza sasa, yuko kwenye IST taa ya mafuta inawaka tangu Jumatatu, kaweka wese la elfu kumi na hapo anaombea foleni ya Ubungo isogee, af ananionea huruma mimi nisije nikazimikiwa njiani. We bwana unaishi kwenye taa! Tenki hujawahi kulijaza tangu ulitoe bandarini, lakini wa kuhojiwa umbali ni mimi.

Haya, jibu. Changu sikitaji kampuni nisije nikaitwa sehemu, ila chukua mfano Nissan Leaf zile za kwanza, za 2010 mwishoni, betri ya kilowati saa 24, yani yuniti 24 za Luku. Wajapani kwa vipimo vyao walisema kilomita 200 kwa chaji moja. Wamarekani wakachukua gari hilohilo wakalipima kwao, wakapata maili 73, yani kama kilomita 117. Zaidi ya kilomita 80 zimezama baharini na hakuna aliyeuliza! Na ukiingia kwenye matangazo ya magari ya mkono wa pili unakuta imebandikwa ile 200, gari limeshazeeka kule Osaka, bado 200. Mi nadhani hiyo 200 aliendesha mtu mwembamba, peke yake, AC kazima, anashuka mlima.

AC ndo ugomvi wa nyumbani kwangu. Pale kwenye dashibodi pameandikwa 62, mwanadamu unabonyeza AC upate pumzi, hujatembea hata hatua, panakuwa 54. Nane zimeenda na upepo wa baridi. Mama Asha akiona hivyo anaizima bila kuuliza mtu, tunafika harusini mimi shati limelowa hadi mgongoni watu wanauliza mmekuja kwa miguu. Na hiyo namba yenyewe ni ya kukisia tu, inaangalia ulivyoendesha muda si mrefu. Ukitambaa na foleni inakupamba, ukikanyaga barabara ikiwa nyeupe inakunyang'anya. Maana mota ikisimama haitafuni kitu cha maana zaidi ya AC, na ukiachia mguu inarudisha chaji kidogo. Mi ndo mtu pekee hapa mjini anayesikitika foleni ikiisha.

Ukizembea kabisa chaji ikakaribia kuisha, kuna kitaa kinawaka chenye picha ya kobe. Kobe kweli, na gamba lake. Hapo nguvu inapunguzwa, bodaboda zinakupita, guta linakupita, na yule mama wa Kijapani aliyemo kwenye redio anaongea kwa upole mpaka basi, sijui ananipa pole sijui ananiaga.

Swali la pili: "Sasa betri likifa si unanunua Vitz nzima?" Nani kakwambia linakufa? Watu wanalichukulia kama betri ya simu ya mchongo, leo linafika asilimia 40 af pap, giza. Hili linazeeka taratibu kama mzee mstaafu. Kwenye Leaf pale pembeni ya geji kuna vimistari 12, vinapungua kimoja kimoja miaka inavyokwenda, ila navyo vina ujanja wake, kile cha kwanza kikipotea ujue uwezo umeshashuka kama asilimia 15, vinavyofuata ndo vinaondoka na kama 6 kila kimoja. Kwa hiyo anayejisifia "limepoteza kimstari kimoja tu" mpe pole. Na kuna wajanja wanaifuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri, vimistari vinarudi vyote 12, unanunua kijana, ukitembea nalo wiki kadhaa uzee unarudi wote kwa mpigo. Ndo maana wanaojua wanakwenda na kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani na programu ya Leaf Spy kwenye simu, wanasoma afya yenyewe, hawasikilizi mdomo wa dalali.

Adui ni joto. Leaf hizo betri yake haipozwi na maji wala feni, na kule Arizona wenye nazo walilalamika 2012 vimistari vinakimbia, hadi 2013 ikaongezwa garantii ya uwezo wa betri, vikishuka chini ya 9 ndani ya miaka mitano au maili 60,000 unahudumiwa. Garantii hiyo Mbezi haifiki bhana, joto ndo linafika. Dawa ni kuliegesha kivulini na kutolilaza na chaji mia kwa mia, ila kivuli cha uani kwetu ni mwembe mmoja na chini yake mwenye nyumba kafuga bata.

Umeme nao! Tulikuwa wastaarabu, matumizi chini ya yuniti 75 kwa mwezi, Luku ya buku tunapata yuniti nane na ushee. Kagari kakaingia tukavuka 75, tukahamishiwa bei ya wakubwa, elfu kumi yuniti 28, na hapo kodi ya jengo haijakatwa. Bado kwa safari zangu ni nafuu kuliko wese, nakubali, lakini mpangaji wa chumba cha tatu tunayechangia Luku hajakubali, kila usiku anatoka na tochi kukagua waya wa ekstensheni kana kwamba nimefuga chatu.

Sasa wikiendi hii kuna arobaini Morogoro, zaidi ya kilomita 180 kwenda tu. Shemeji kapiga simu, "Baba Asha, si utatubeba?" Nikamwambia shem, labda mnibebe nyie, hiki Chalinze kikifika ni kwa dua. Akanyamaza, nikajua kaelewa, kumbe anafikiria. Akasema hapana, tuweke jenereta kwenye buti, liwe linachaji huku tunaenda.

Nikamuuliza hilo jenereta linatumia nini.

"Petroli," akasema, "lakini kidogo tu, mi nachangia elfu kumi."