Unga wa Embe Uliogeuka Halua

Kwa kuwa mwenzangu wa maabara ameshawatangazia kwamba nimeichoma mashine ya chuo ya kugeuza juisi ya embe kuwa unga, naona ni heri niwasimulie mwenyewe, maana mashine ni nzima na kilichoungua ni heshima yangu tu.

Mashine yenyewe haina siri kubwa: pampu huvuta juisi, nozeli huitawanya ikawa ukungu, ukungu ukakutana na hewa ya moto ndani ya chemba ya kioo, maji yakaruka na unga ukadondokea chupani. Kwa wiki mbili nilikuwa nikiingiza hewa ya nyuzi 160, nayo ilitoka ikiwa na nyuzi 85 hivi, na unga wangu ulikuwa mkavu wa kupeperuka. Siku hiyo, akina mama waliotuuzia maembe walialikwa kuja saa nne asubuhi kuona mazao yao yalivyofikia. Kwa kutaka sifa, nilipunguza kwa nusu maltodekstrini (unga wa wanga tunaouchanganya na juisi ili isinate) ili unga uwe wa embe hasa, kisha nikaongeza kasi ya pampu maradufu ili chupa ijae kabla hawajafika. (Mnaofanya kazi hizi najua mmeshaanza kucheka, nawaomba subira.)

Maji yaliyoingia yakawa mengi kuliko joto la kuyakausha, na hewa ya kutokea ikashuka hadi nyuzi 58. Mtu mwenye akili timamu angepunguza pampu. Mimi nilipandisha moto hadi nyuzi 190, nikisahau kwamba sukari ya embe si chumvi: fruktosi, hata ikiwa kavu kabisa, huanza kulainika kwenye nyuzi kama 5, glukosi kwenye 31 hivi, na kilichokuwa kikizishikilia zisinate ni ile maltodekstrini niliyoifanyia ubahili. Kadiri nilivyozidisha moto ndivyo kilichonata ukutani kilivyozidi kulainika, na sehemu za juu zikaanza kugeuka rangi ya kahawia.

Wageni wakaingia wakati huohuo, msimamizi wangu akiwa mbele.

Akina mama wanane wakajipanga mbele ya kioo. Ukutani kulikuwa na utando wa manjano, mnene kama uji wa mtoto, na mbele ya macho yao kipande kimoja kikabanduka juu kabisa, kikateremka taratibu, kikasimama katikati kana kwamba kinatafakari, kikateremka tena, kikaacha mchirizi unaong'aa, kisha kikaziba tundu la kwendea chupani. Hakuna aliyesema neno. Nikaona niokoe jahazi kwa kuwaonjesha unga kidogo uliowahi kupita, nikaifungua chupa katika hewa ya Dar es Salaam ya Desemba, hewa yenye unyevu ambayo hata chumvi ya mezani hushindwa nayo. Nilichomeka kijiko. Nilikivuta, chupa nzima ikanyanyuka pamoja nacho. Nikaitikisa, kwanza kwa adabu, halafu kwa nguvu zote, huku tabasamu langu likiwa limeganda kuliko unga wenyewe. Mama mmoja mtu mzima akasogea, akabonyeza kile kidonge kwa kidole, akalamba, akaniuliza kwa upole uliozidi tusi, "Mwanangu, hii mbona halua? Kipande mnauza shilingi ngapi?"

(Yule mwenzangu hakuwahi kuwaambia kwamba yeye ndiye aliyejibu, "Mia tano, mama.")

Msimamizi aliuliza swali moja tu, "Pampu ulikuwa umeiweka ngapi?" nami nikamjibu nikiangalia viatu vyangu. Nilisugua chemba kwa maji ya moto hadi magharibi, na kesho yake nikarudisha maltodekstrini na kasi ya awali, unga ukatoka kama kawaida.

Chupa ile ingali rafuni. Mtu ameibandikia karatasi iliyoandikwa "Halua ya Injinia", na kijiko bado kimesimama humo wima kama mlingoti.