Kompyuta Isome Slaidi, Lakini Fomalini Kwanza

Mgonjwa wa saratani ya tumbo akishaingizwa kamera na kukatwa vinyama vichache, dawa atakayopata inategemea rangi ya kahawia. Kinyama hukatwa chembamba, hubandikwa kwenye slaidi na kutiwa kingamwili inayonasa HER2, protini inayochochea baadhi ya saratani kukua. Palipo na protini hiyo, utando wa seli hugeuka kahawia, na daktari wa patholojia hutoa alama: 0, 1+, 2+ au 3+. Mwenye 3+ anafaa kupewa trastuzumab, dawa inayolenga HER2. Mwenye 2+ husubiri kipimo kingine cha kuhesabu nakala za jeni ya HER2. Walio chini ya hapo hawapewi. Si jambo dogo: katika utafiti wa ToGA wa mwaka 2010, nusu ya waliopewa dawa hii pamoja na kemotherapi waliishi zaidi ya miezi 13.8; kwa waliopata kemotherapi peke yake, ilikuwa miezi 11.1.

Je, kazi hiyo tuiachie kompyuta hapa Mombasa?

Wanaoitetea wana hoja nzito. Madaktari wawili wakitazama slaidi moja, huyu husema 1+, yule 2+. Kompyuta haichoki jioni. Na kwa PD-L1, protini nyingine inayopimwa ili kuchagua dawa za kuamsha kinga ya mwili, nakubaliana nao kabisa: pale huhesabiwa seli za saratani pamoja na seli za kinga (limfositi na makrofaji) zilizoshika rangi, jumla ikagawanywa kwa idadi ya seli hai za saratani, kisha ikazidishwa kwa 100. Kwa jicho la daktari hayo ni makadirio tu.

Ila tumbo si titi. Programu iliyofunzwa kwa saratani ya matiti hutafuta seli iliyozungukwa na rangi pande zote, ilhali tumboni rangi mara nyingi hushika chini na ubavuni tu, mfano wa herufi U. Tena hushika kwa mabaka. Kwenye kinyama cha kamera, seli 5 zilizokusanyika zinatosha kutoa alama. Kwenye kipande kilichotolewa kwa upasuaji huhitajika asilimia 10 ya seli za saratani. Programu ikitoa wastani wa slaidi nzima, seli hizo 5 humezwa.

Linaloniumiza zaidi hutokea kabla ya slaidi. Kinyama kilichokatwa Lamu au Taveta husafiri kuja kisiwani, pengine kwenye joto la kaskazi. Kinatakiwa kiingie haraka kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhi nyama isioze) ya asilimia 10 iliyosawazishwa, kikae humo kati ya saa 6 na 72. Kikichelewa, protini huharibika na kahawia hufifia. Daktari mzoefu huona kingo zilizokauka, akashuku, akaomba kingine. Programu isiyofunzwa kushuku huhesabu ule ufifi kwa uaminifu na kutoa tarakimu safi, na tarakimu safi ni ngumu kubishana nayo.

Kwa hiyo mimi ningeikaribisha kwa PD-L1, na kama jicho la pili kwenye mpaka wa 1+ na 2+, daktari akiwa ameichorea mahali saratani ilipo. Lakini shilingi ya kwanza iende kwenye fomalini nzuri, na kila chupa iandikwe saa mbili: ya kukatwa kinyama na ya kutumbukizwa. Bila saa hizo, 1+ ya kompyuta siiamini kiasi cha kumwambia mtu na watoto wake kwamba dawa hii haimfai.