Kuchora mwili wa mtu: kipimo au hisia?

Wapo wanaoamini kwamba mafunzo ya kale ya kuchora mwili huua kipaji, na hofu yao ina msingi. Katika Ufaransa ya karne ya 19, mwanafunzi alianza kwa kunakili michoro ya wengine, akaja kwenye sanamu za plasta, ndipo akaruhusiwa kumkabili modeli aliye hai. Kozi ya uchoraji ya Wafaransa Charles Bargue na Jean-Léon Gérôme, iliyoanza kuchapishwa miaka ya 1860, ilikuwa na karibu michoro 200 ya kunakili. Ukishinda na sanamu hizo za miili ya Kigiriki miaka nenda rudi, siku ukiletewa mzee mwenye kitambi utaona kasoro za kurekebisha, yeye mwenyewe usimwone. Hapo nawaunga mkono walalamikaji bila kusita.

Lakini kujifunza kupima ni jambo moja, kuamriwa mwili mzuri ni upi ni jingine. Chukua modeli aliyesimama kwa kuulalia mguu mmoja. Nyonga ya upande huo inapanda, bega la upande uleule linashuka, na timazi (uzi wenye uzito unaoning'inia wima) ikishushwa kutoka kwenye kishimo cha koo inaangukia karibu na kifundo cha mguu uliobeba uzito. Asiyeliona hilo atachora mtu anayeanguka. Huenda alikusudia huzuni. Mtazamaji ataona kuanguka tu.

Egon Schiele, mchoraji wa Austria, hutajwa sana na wanaoikataa shule. Kweli, aliingia Akademia ya Sanaa ya Vienna mwaka 1906 na kuiacha 1909 kwa kuchoshwa nayo. Ila vitazame vidole vyake virefu na viwiko vilivyochongoka: amevipotoa mtu anayejua mfupa unapita wapi. Van Gogh naye, ambaye hakudumu chuoni, aliinakili kozi ya Bargue kwa hiari yake mwaka 1880, akairudia 1890. Hata Ingres, mchoraji Mfaransa na mtetezi mkubwa wa mapokeo, aliurefusha mgongo wa mwanamke katika mchoro wake wa 1814 hadi wakosoaji wakamlaumu kwa kuongeza pingili za uti wa mgongo.

Nisichokubali ni ile rai ya kumaliza kanuni zote kwanza, uhuru baadaye. Mkono uliosubiri miaka mingi huwa mwoga. Afadhali darasa lianze na mikao ya dakika moja, mkaa ukikimbia bila kufutwa, kisha modeli yuleyule akae saa nzima na timazi itolewe kupima.