Usiku wa tatu wodini alipie nani?

Tangu Oktoba 2024, bima ya afya ya umma nchini Kenya iko chini ya SHA, mamlaka iliyorithi kazi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya hospitali. Linda Mama, mpango ambao mjamzito alijiandikisha bila kuchangia chochote, ukawa Linda Jamii, na sasa mama anatakiwa awe amelipa michango yake. Ada ambayo SHA huilipa hospitali ni ya jumla: Sh10,000 kwa kujifungua kwa njia ya kawaida, Sh30,000 kwa upasuaji. Kelele nyingi zimekuwa juu ya hospitali kucheleweshewa pesa hizo. Ni haki yao kulalamika, ila kuna swali jingine ambalo halisikiki sana: mama na mtoto wakae siku ngapi?

Ada ya jumla haihesabu siku. Mama akiruhusiwa baada ya saa 12 au siku tatu, malipo ni yale yale, na kila usiku unaoongezeka ni gharama ya hospitali. Muuguzi hahitaji kuwa na roho mbaya ili aharakishe kumtoa. Wodi iliyofurika na hesabu za mhasibu zinatosha.

Shirika la Afya Duniani linataka mama aliyejifungua salama akae angalau saa 24. Zina sababu, kwa kuwa damu inayoua mara nyingi hutoka siku hiyo hiyo. Lakini manjano ya mtoto hufikia kilele kati ya siku ya tatu na ya tano, na kifafa cha mimba kinaweza kumkuta mama ameshafika kwake. Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zilionyesha kuwa katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai Kenya, 32 hufariki kabla ya mwaka mmoja, na 21 kati yao hawamalizi hata mwezi.

Wanaodai siku zaidi huitaja Marekani. Huko, sheria ya mwaka 1996 ilizizuia bima zinazogharimia uzazi kupunguza malipo ya kulazwa chini ya saa 48 kwa uzazi wa kawaida na 96 kwa upasuaji. Tusisahau kwamba haimlazimishi mama kubaki. Inamzuia tu mwenye bima kumfukuza kwa kalamu.

Je, Kenya iige? Hapo nasita. Pesa za SHA zinatokana na asilimia 2.75 ya mshahara wa mwajiriwa, na mama mboga anayetoa si chini ya Sh300 kwa mwezi, tena akitakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Palipo na akina mama wawili kitanda kimoja, kumbakiza aliye mzima ni kumnyima nafasi anayekuja na uchungu, na kumweka yeye na mwanawe karibu na maambukizi. Ukilipia kwa siku, kuna watakaorefusha siku: mwaka 2025 SHA ilisimamisha vituo kadhaa kwa tuhuma za udanganyifu, zikiwemo za kuwaandika wagonjwa wa kutwa kama waliolazwa. Halafu kuna Pumwani, hospitali ya uzazi jijini Nairobi. Mwaka 2015 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba kuwazuilia wazazi hospitalini humo kwa sababu ya bili kulikiuka katiba. Kwa wanawake wengi, kukawia wodini maana yake ilikuwa deni.

Kwa hiyo saa 48 kwa kila mtu siziungi mkono. Saa 24 ziwe haki isiyojadiliwa, kisha mhudumu wa afya ya jamii amfuate mama nyumbani siku ya tatu, na alipwe kwa ziara hiyo. Pwani tuna arobaini, siku za kumtunza mzazi nyumbani, na bibi anajua kukanda na kupika uji, lakini hana kipimo cha presha.

Pesa za siku za ziada zielekezwe kwa njiti, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto huyo awekwe kifuani kwa mama mara tu baada ya kuzaliwa, kwa saa 8 hadi 24 kila siku. Hilo haliwezekani ikiwa mama, kwa kuwa yeye ni mzima, ameshaandikiwa ruhusa na analala kwenye benchi la korido. Kitanda chake kihesabiwe kuwa sehemu ya matibabu ya mtoto, na kilipiwe hadi siku watakayotoka pamoja.